Namba inashuka, sauti haishuki: MPD imeshika kidhibiti cha kadi nyingine

Swali la msomaji:

"Fundi, habari za kazi. Nimejijengea kicheza muziki cha sebuleni: kompyuta ndogo ya Raspberry Pi 4, kadi ya sauti ya HiFiBerry DAC+ juu yake, programu ya MPD inayosoma muziki kwenye diski ya USB, na amplifaya ya zamani ya mzee. Muziki unapiga safi, shida ni sauti. Nikivuta mstari wa sauti kwenye simu, namba inatoka 100 hadi 20 lakini spika hazina habari. Kuna siku umeme ulikatika, uliporudi muziki ukapiga kama kawaida ila simu haikuonyesha namba yoyote, na mpc, amri ya kuiongoza MPD, ikaandika volume: n/a, yaani haipatikani. Nimefunga pia kitufe cha kuzungusha, KY-040, kinachoita amri ya sauti ya Linux, amixer -c sndrpihifiberry sset Digital 5%-. Hicho kinafanya kazi, ila nikifika nusu ya mzunguko tayari ni kimya. Kwenye mpd.conf, faili la mipangilio ya MPD, nimeandika device "hw:CARD=sndrpihifiberry" na mixer_type "hardware", basi. Rafiki mmoja ananiambia niweke software (MPD ipunguze sauti yenyewe) nimalize, mwingine ananikataza, ati nitaharibu ubora. Nishike lipi?"

Jibu:

Nzuri, ndugu yangu. Umeeleza vizuri kiasi kwamba jibu la swali la kwanza limo ndani ya barua yako mwenyewe. Kitufe chako kinashusha sauti. Maana yake kadi ina kidhibiti cha sauti, dereva wake (programu inayoiendesha) amepakiwa sawasawa, na kidhibiti chenyewe kinaitwa Digital. Kwa hiyo usifungue boksi, usiguse waya, usisakinishe upya mfumo. Kosa liko kwenye mistari miwili ambayo hukuiandika katika mpd.conf.

MPD ina njia mbili tofauti kuelekea kwenye kadi. Moja ni ya kupeleka muziki, na hiyo umeielekeza vizuri kwa jina. Ya pili ni ya kushika kidhibiti cha sauti, na hiyo hairithi chochote kutoka ya kwanza. Ukiandika mixer_type "hardware" bila kusema zaidi, MPD hujijazia yenyewe: kadi ni "default", na kidhibiti ni "PCM". Sasa tazama mashine yako ina kadi ngapi:

cat /proc/asound/cards

Kwenye Pi 4 utakuta tundu la hedifoni (Headphones), matundu mawili ya HDMI (vc4hdmi0 na vc4hdmi1), kisha kadi yako, sndrpihifiberry. Usipoelekeza vingine, "default" ni kadi iliyopewa namba 0, na mara nyingi namba hiyo huangukia tundu la hedifoni. Tundu hilo lina kidhibiti chake, ambacho kwa kutegemea toleo la keneli (kiini cha Linux) huitwa PCM au Headphone. MPD ikikuta jina PCM pale, inaridhika. Ukivuta mstari kwenye simu, namba inashuka kweli, na sauti inashuka kweli, ila kwenye tundu ambalo hukuchomeka kitu. Ni sawa na kubonyeza rimoti ya televisheni ya chumba cha pili.

Na ile n/a ya baada ya umeme kurudi inatoka hapohapo. Namba za kadi hugawiwa kwa kufuata nani kaamka kwanza wakati mashine inawaka, na mpangilio huo si ahadi. Siku hiyo namba 0 ilikwenda kwa kadi isiyo na kidhibiti chenye jina PCM. MPD ikatafuta, ikakosa, ikaendelea kupiga muziki bila kidhibiti chochote. Ukipekua kumbukumbu zake kwa journalctl -u mpd utaona imelalamika waziwazi kwamba hakuna kidhibiti cha jina hilo. Watu wengi huhangaika na programu ya simu wakati malalamiko yameandikwa humo tangu siku ya kwanza.

Dawa ni kutaja vyote kwa majina. Sehemu ya audio_output iwe hivi:

audio_output {
    type "alsa"
    name "Sebuleni"
    device "hw:CARD=sndrpihifiberry"
    mixer_type "hardware"
    mixer_device "hw:CARD=sndrpihifiberry"
    mixer_control "Digital"
}

Herufi ni muhimu. Andika jina kama kadi yenyewe inavyoliandika, Digital yenye D kubwa. Kama una shaka na jina, iulize kadi yenyewe kabla ya kumwuliza mtu:

amixer -c sndrpihifiberry scontrols

Itakutolea orodha, na humo mtakuwemo Digital, Analogue, Analogue Playback Boost na vingine kadhaa ambavyo havikuhusu leo. Mtu akikupa mistari ya mpd.conf kutoka kwenye kadi yake, linganisha jina la kidhibiti na orodha hii kwanza.

Iwashe MPD upya, piga wimbo wowote, halafu fanya jaribio hili:

mpc volume 40
amixer -c sndrpihifiberry sget Digital

Usishtuke mpc ikisema 40 na amixer ikionyesha karibu 77%. Tazama namba iliyo mbele yake, ile ya desibeli (dB), kipimo cha nguvu ya sauti: itakuwa karibu -24 dB. Hiyo ndiyo ya kuamini. Asilimia hapa ni lugha mbili tofauti zinazoeleza kitu kimoja, na ndiyo inayotupeleka kwenye shida yako ya pili.

Chipu iliyo kwenye kadi yako ni PCM5122 ya Texas Instruments. Kidhibiti chake cha Digital kinakwenda kwa hatua za nusu desibeli. Dereva wa Linux anaonyesha namba kuanzia 0, ambayo ni kimya kabisa, hadi 207, ambayo ni 0 dB, yaani sauti kamili bila kupunguzwa. Ukiiambia amixer 50%, inagawa namba hizo nusu kwa nusu bila kufikiri: 103 kati ya 207. Fanya hesabu, 103 mara 0.5, toa 103.5 (yaani 207 mara 0.5), unapata -52 dB. Sebuleni, feni ikizunguka na watoto wakicheza, -52 dB ni kimya. Kwa hiyo kitufe chako hakina kasoro. Nusu yote ya chini ya mzunguko wake inatembea katika eneo ambalo sikio lako halifiki.

Amixer ina swichi ya kurekebisha hilo, herufi M kubwa:

amixer -M -c sndrpihifiberry sset Digital 5%-

Ukiiweka, asilimia zinapangwa kwa namna sikio linavyosikia, na 50% inakuwa karibu -18 dB. Alsamixer, programu nyingine ya kurekebisha sauti, hutumia mpangilio huohuo wa sikio, na matoleo ya sasa ya MPD pia. Ndiyo maana mtu anaweza kuona 50% kwenye dirisha moja na 82% kwenye jingine, akadhani kadi imeharibika. Ukitaka kuepuka mjadala wote wa asilimia, tumia desibeli moja kwa moja:

amixer -c sndrpihifiberry sset Digital 2dB-

Kila mguso wa kitufe unashusha desibeli mbili, popote ulipo. Kwangu mimi hii ndiyo tabia nzuri zaidi ya kitufe, maana kila mguso unasikika sawa na mwenzake.

Lakini kwa mashine yako ningefanya tofauti kidogo. Sasa kwa kuwa MPD imeshika kidhibiti sahihi, acha kitufe kiite mpc volume +3 na mpc volume -3 badala ya amixer. Simu na kitufe vitapita mlango mmoja na vitatumia kipimo kimoja, na likitokea tatizo tena utakuwa na mahali pamoja pa kuchunguza.

Tukiwa kwenye kitufe, angalia pini zake, maana hili huwaumiza wengi. Kadi yako inapokea muziki kupitia pini za Pi zinazoitwa GPIO 18, 19, 20 na 21, na inapokea maagizo, yakiwemo ya sauti, kupitia GPIO 2 na 3. Hizo zote zina mwenyewe. Mtu akifunga kitufe kwenye GPIO 18 kwa sababu mchoro fulani ulisema hivyo, kila akizungusha anapata mikwaruzo au muziki unakatika, naye anaenda kuilaumu kadi. Weka pini ya kitufe iliyoandikwa CLK kwenye GPIO 17, DT kwenye GPIO 27, na SW kwenye GPIO 22 kama unataka kubonyeza kuwe kunyamazisha. Na ule waya wa alama ya kujumlisha uende kwenye 3.3 V, kamwe usiende kwenye 5 V: KY-040 ina vizuizi vinavyovuta mistari ya CLK na DT hadi kwenye volti uliyoipa, na pini za Pi hazikujengewa kupokea 5 V. Kitufe kikiruka hatua au kurudi nyuma chenyewe, usiandike programu ndefu ya kukituliza. Mstari huu kwenye config.txt, faili la mipangilio ya Pi, unamkabidhi dereva wa keneli kazi hiyo:

dtoverlay=rotary-encoder,pin_a=17,pin_b=27,relative_axis=1

Sasa suala la rafiki zako wawili.

Anayekukataza software anadhani kwamba kidhibiti cha hardware kinapunguza sauti kwa umeme, kama kile kitufe cha mbele ya amplifaya, ilhali cha software kinakata namba za muziki. Kwa chipu yako, picha hiyo si sahihi. Kidhibiti cha Digital, kama jina lake linavyosema, nacho ni hesabu. Muziki unafika kwenye chipu ukiwa namba, unazidishwa na kipunguzi ndani ya chipu, ndipo unageuzwa kuwa umeme. Tofauti yake na software ni mahali hesabu inapofanyika na upana wa namba zinazotumika.

Hasara inayoogopwa ni ya kweli, ila ina kipimo. Kila biti moja ni takriban 6 dB. Wimbo wa CD una biti 16. Ukiushusha kwa -24 dB ndani ya njia yenye biti 16 tu, umepoteza biti nne, na sehemu laini za wimbo zitaanza kuwa na uchafu. Lakini ukiupanua kwanza hadi biti 32 kabla ya kuupunguza, kuna nafasi ya kutosha chini na hakuna kinachokatwa ambacho ungekisikia. Chipu yenyewe ina uwiano wa sauti na kelele wa 112 dB kwa mujibu wa karatasi za mtengenezaji, yaani chini ya biti 19. Kelele yake yenyewe ndiyo sakafu, kwa njia zote mbili. Kwa hiyo anayetumia software anaongeza mstari huu ndani ya audio_output, na anaweza kulala:

format "*:32:*"

Sharti ni kwamba Digital abaki palepale kwenye 0 dB wakati huo. Nimeona mashine ambazo MPD inapunguza kwa software, Digital amesahauliwa kwenye -30 dB, na juu yake kuna kipunguzi cha tatu, softvol, kilichonakiliwa kutoka mahali fulani kikawekwa kwenye /etc/asound.conf. Mwenye mashine anasema kadi ina sauti ndogo. Kama una faili la asound.conf ambalo hukumbuki liliingiaje, lisogeze pembeni kwanza.

Ushauri wangu kwako: baki na hardware, kwa kuwa umeshakuwa nayo na sasa inafanya kazi. Sababu yangu kubwa wala si ubora. Ni kwamba sauti ikibadilishwa ndani ya chipu inabadilika papo hapo. Kwa software, muziki uliokwisha kupimwa na kupangwa foleni lazima uishe kwanza, kwa hiyo kuna kuchelewa kidogo, na kwenye kitufe cha kuzungusha kuchelewa huko kunaudhi: unazungusha, husikii mabadiliko, unazungusha tena, halafu yote yanakuja kwa pamoja.

Kuna jambo hukuliuliza lakini nalisikia ndani ya maneno "amplifaya ya zamani ya mzee". Kadi hii inatoa volti 2.1 ikiwa sauti kamili. Amplifaya nyingi za zamani zilitengenezewa vyanzo dhaifu zaidi, redio na deki za kaseti, volti 0.2 au hata chini ya hapo inatosha kuzifikisha kikomo. Nadhani ndiyo maana ulihitaji kushusha hadi 20 mapema hivyo. Hapa ndipo kidhibiti cha Analogue kinapofaa. Kina nafasi mbili tu, 0 dB na -6 dB, lakini hiki kinapunguza upande wa umeme, baada ya namba kwisha kugeuzwa. Kiweke chini mara moja na ukiache:

amixer -c sndrpihifiberry sset Analogue 0%

Halafu weka kitufe cha amplifaya mahali ambapo 80 ya MPD ndiyo sauti kubwa zaidi utakayowahi kuihitaji humo ndani. Simu na kitufe chako vitafanya kazi katika eneo zuri, juu, na mtoto akivuta mstari hadi 100 hutalia na spika. Na kama kwenye config.txt umewahi kuongeza 24db_digital_gain mbele ya hifiberry-dacplus, iondoe. Inafungua kikomo cha 207, chipu inaruhusiwa kuongeza hadi +24 dB, na muziki ambao tayari umerekodiwa kwa nguvu utakatika vichwa.

Ukitaka kupunguza wingi wa kadi, zima usizozitumia. Faili la config.txt liko /boot/firmware kwenye Raspberry Pi OS ya Bookworm, iliyotoka 2023, na kwenye matoleo ya nyuma liko /boot. Badilisha dtparam=audio=on iwe off, na mstari wa picha uwe dtoverlay=vc4-kms-v3d,noaudio. Baada ya kuwasha upya kadi itabaki moja. Hata hivyo acha yale majina kwenye mpd.conf, siku ukichomeka kadi ya USB hutarudi hapa kuniuliza. Kama ulisakinisha toleo lenye eneo-kazi badala ya Lite, chunguza pia kama PipeWire, programu ya sauti ya eneo-kazi, imeishika kadi, kwa fuser -v /dev/snd/*. Inapenda kujipangia sauti yenyewe, na mashine ya muziki haiihitaji.

Kuhusu umeme. Mfumo huandika viwango vya sauti kwenye /var/lib/alsa/asound.state wakati mashine inazimwa kwa utaratibu. Umeme ukikatika, mfumo haupati nafasi ya kuandika, na umeme ukirudi mfumo husoma kile kilichoandikwa mara ya mwisho, ambacho kinaweza kuwa sauti ya sherehe ya juzi. Shusha sauti hadi kiwango cha heshima, Analogue ikiwa tayari kwenye -6 dB, kisha:

sudo alsactl store

Hapo hata umeme ukirudi saa nane za usiku, muziki utaanza kwa kiwango ulichokichagua. Unaweza pia kuambia MPD isianze kupiga yenyewe inapowaka, kwa mstari restore_paused "yes", lakini hilo ni la hiari.

Kwa wengine wanaosoma hili na amri ya scontrols haijawatolea kitu: tazameni chipu ya kadi yenu. Kadi nyingi za bei nafuu hubeba PCM5102A. Jina linafanana, sauti ni nzuri, lakini chipu hiyo haina njia ya kupokea maagizo ya sauti, na dereva wake, hifiberry-dac, hana kidhibiti cha kuonyesha. Kujaribu kulazimisha hifiberry-dacplus hakusaidii: dereva huyo anamtafuta PCM5122 kwenye basi la I2C (njia ya maagizo), akimkosa kadi yote inatoweka kwenye orodha. Ukiwa na i2c-tools, amri ya sudo i2cdetect -y 1 inatoa jibu la haraka. Kwenye HiFiBerry DAC+ yenye dereva aliyepakiwa utaona UU kwenye nafasi ya 4d. Kwenye PCM5102A hutaona chipu yoyote ya sauti. Nyinyi basi tumieni software na mstari wa biti 32 nilioutaja, au wekeni mixer_type "none" na mtumie kitufe cha amplifaya.

Nawe, ndugu yangu, ukimaliza na bado simu inaonyesha n/a, nitumie vitu vitatu: matokeo ya /proc/asound/cards, matokeo ya scontrols, na mistari ya mwisho ya journalctl -u mpd. Picha ya kadi sihitaji.